Kujiandaa na kemo ya saratani ya matiti kabla ya dripu ya kwanza

Dada yangu aliambiwa Alhamisi kwamba Jumatatu anaanza kemo, zile dawa za saratani zinazoingizwa mshipani kwa dripu. Siku nne tu hizo, na tulizimaliza zote kwenye kutafuta wigi, kununua bitiruti za juisi na kupokea wageni waliokuja kutoa pole. Themomita hatukununua. Basi siku ya tisa baada ya dripu, saa nne usiku, akaanza kutetemeka, na sisi watu wa Dar homa kwetu ni malaria tu, nikatoka mbio mpaka duka la dawa la mtaani nikarudi na dawa mseto na Panadol, akameza, jasho likamtoka, homa ikashuka, tukamshukuru Mungu tukalala. Asubuhi hakuweza kusimama. Hospitali wakapima damu, malaria hakuna, chembe nyeupe zimebaki za kuhesabu, akalazwa siku sita anachomwa antibayotiki za mshipa.

Alipona, na kemo zake akamaliza zote. Ila zile siku sita zilinifundisha kwamba tulijiandaa na mambo ambayo yangeweza kusubiri, na lile lisilosubiri tukaliacha. Kwa hiyo hapa naanza na lile lisilosubiri, mengine yanafuata. Kama umepewa tarehe yako, au ya mama, au ya mke wako, soma na kalamu mkononi, na popote ambapo daktari wako amekwambia tofauti na mimi, mfuate daktari, yeye ndo ameshika faili lako.

Hatua ya 1: Panga mapema homa ikija utafanya nini

Elewa kwanza kinachotokea mwilini. Dawa za kemo zinapiga chembe zinazogawanyika haraka, na saratani ni mojawapo, lakini uboho ulioko ndani ya mifupa nao unatengeneza damu usiku na mchana kwa hiyo nao unapigwa. Chembe nyeupe zinazotulinda na vijidudu zinaanza kushuka, na kwa zile dripu za kila baada ya siku 21 kwa kawaida zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, halafu zinapanda tena kabla ya dripu inayofuata. Kwa hiyo chukua kalenda ya ukutani, siku ya dripu andika 1, hesabu mbele, kuanzia 7 mpaka 14 zungushia kalamu nyekundu. Siku hizo hakuna kwenda harusini, hakuna kubanana kwenye daladala, na mtu mwenye mafua hata awe shangazi kipenzi anasalimia kwa simu.

Nunua themomita yako, ya kidijitali, sio ya kuazima kwa jirani. Jifunze kuitumia ukiwa mzima. Ya kwapani inasoma chini kidogo kuliko ya mdomoni, kwa hiyo kama utapimia kwapani muulize nesi namba gani ikushtue. Namba ambayo wagonjwa wa kemo wanaambiwa karibu dunia nzima ni nyuzi 38. Ikifika hapo au ikapita, au ukitetemeka kwa baridi hata kama themomita inasema uko sawa, unaenda hospitali muda huo huo. Usiku wa manane unaenda. Mvua inanyesha unaenda. Husubiri kliniki ya Jumanne.

Na tafadhali usimeze Panadol kabla ya kupima joto. Hili narudia kwa sababu ndo kosa letu. Panadol inashusha homa lakini haiui mdudu, kwa hiyo mtu anajiona amepoa huku maambukizi yanazidi kutembea kwenye damu. Mwenye chembe nyeupe chache anaweza asionyeshe usaha wala kikohozi wala uvimbe, homa tu ndo alama pekee anayopewa, na wewe ukiifuta umebaki gizani. Dawa mseto nayo usimeze kwa kukisia. Malaria ipo kweli, na mgonjwa wa kemo alale kwenye chandarua kila siku, ila kipimo cha malaria atafanyiwa huko huko hospitali pamoja na damu nyingine. Akikutwa na malaria bado wanatakiwa waangalie chembe nyeupe, vyote viwili vinaweza kuwepo kwa pamoja.

Sasa tatizo lingine. Unafika hospitali ya karibu usiku, daktari wa zamu hakujui, anaona mwanamke ana homa anakupanga foleni kama wengine. Mgonjwa wa kemo mwenye homa anatakiwa apate antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja tangu afike, ndo miongozo inavyosema, kwa hiyo lazima uwe na kitu cha kumwambia haraka. Sisi baada ya lile balaa tuliandika kadi, tukaipiga laminesheni, dada akaiweka nyuma ya kava la simu:

"Niko kwenye kemotherapi ya saratani ya matiti. Dripu ya mwisho tarehe ____. Dawa ____. Homa ya nyuzi 38 kwangu ni dharura. Naomba nipimwe FBP (kipimo cha wingi wa chembe za damu) na nianzishiwe antibayotiki ya mshipa bila kusubiri. Hospitali yangu ____, simu ____. Mzio ____."

Tarehe ya dripu tulikuwa tunaandika kwa penseli kwenye kipande cha plasta tunabandika juu ya laminesheni, kila dripu tunabandua tunabandika nyingine.

Halafu malizia: namba ya simu ya wodi au ya nesi wa kliniki (iombe kabla hujatoka, usione aibu), nani ana gari mtaani au bajaji gani inakubali kuja saa nane usiku, na pesa ya dharura imewekwa wapi. Hiyo pesa kila mtu mzima ndani ya nyumba ajue ilipo. Mwingine wa kukimbiza hospitali bila kupima chochote ni anayetoka damu isiyokata, anayepumua kwa shida, anayeumwa kifua, anayetapika au kuharisha siku nzima hata maji hayakai.

Hatua ya 2: Jua unapewa nini

Kuna wanawake nimekaa nao kwenye benchi wako dripu ya tatu hawajui jina la dawa. Siwalaumu, unaogopa kuuliza, daktari ana watu 40 nje. Lakini nenda na daftari lenye maswali matano umeyaandika nyumbani, na mtu wa pili wa kusikiliza, kwa sababu wewe mwenyewe nusu hutayasikia.

Uliza hivi. Dawa zinaitwaje, dripu ngapi, kila baada ya siku ngapi? Wengi wanaanza na mseto wa doksorubisini na saiklofosfamidi, wenyewe wanauita AC, mara nyingi dripu 4, halafu inafuata paklitakseli, dripu 4 za kila wiki tatu au 12 za kila wiki. Yako inaweza kuwa tofauti, inategemea majibu ya kinyama (kile kipande cha uvimbe kilichokatwa kikapimwa maabara) na hatua ya ugonjwa.

Uliza pia kama kemo ni kabla ya upasuaji au baada. Dada alipoambiwa kemo kwanza, alilia njia nzima akiamini wameshamkatia tamaa ndo maana hawamkati. Sio hivyo kabisa. Mara nyingi wanatanguliza kemo ili uvimbe usinyae upasuaji uwe rahisi, na pia waone dawa inaufanyaje.

Kwenye karatasi ya majibu ya kinyama angalia kama kuna ER na PR (zinaonyesha kama saratani inachochewa na homoni) na HER2 (protini iliyoko kwenye baadhi ya saratani). Kama havipo ulizia, maana ndo vinavyoamua kama utahitaji vidonge vya homoni baadaye au ile dawa ya HER2 inayoitwa trastuzumabu, wengi wanaijua kama Herceptin, ambayo kawaida inatolewa mwaka mzima na ni ghali, kwa hiyo suala la nani atalipa lianze kuulizwa sasa.

Piga picha karatasi zote kwa simu, mtumie na ndugu mmoja. Faili la karatasi linapotea, mvua inanyesha, watu wanasahau kwenye bajaji.

Hatua ya 3: Vipimo vya kuanzia

Vya damu ni FBP, ini na figo. Wengi wanapimwa pia VVU na homa ya ini B, na hapa watu wanakasirika wanaona kama wanatuhumiwa. Sababu ni kwamba virusi vya homa ya ini B vinaweza kuwa vimelala miaka mingi bila wewe kujua, kemo ikavizindua vikala ini, wakati kuna vidonge vya kuvizuia vikianzwa mapema. Mwenye VVU naye anatibiwa kemo kama kawaida ila daktari lazima ajue ARV anazotumia ili dawa zisigongane, na ARV usiache hata siku moja.

Kama doksorubisini imo kwenye mpango wako watataka eko ya moyo, kile kipimo cha kama altrasaundi ya kifuani, kwa sababu dawa hiyo inaweza kugusa nguvu ya moyo. Foleni ya eko huwa ndefu kwa hiyo iwahi, nimeona watu tarehe zao zinasogezwa kwa sababu ya eko tu. Uzito na urefu vitapimwa kwa makini kwa sababu dozi inakokotolewa kutokana na ukubwa wa mwili wako, vua viatu, vua na joho kama umevaa.

Na mwenye umri wa kuzaa atapimwa ujauzito. Kemo na mimba changa haviendani. Wakati wote wa matibabu tumieni kinga isiyo ya homoni, kondomu au kitanzi cha shaba, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango achana navyo mpaka uongee na daktari. Anayenyonyesha anaachisha. Hedhi inaweza kukata, kwa wengine inarudi kwa wengine hairudi hasa waliokaribia miaka 40 na kuendelea, kwa hiyo kama bado unataka mtoto sema sema sema kabla ya dripu ya kwanza. Baada ya hapo nafasi inakuwa finyu. Na hedhi kukata sio uthibitisho kwamba huwezi kushika mimba.

Hatua ya 4: Mwambie daktari na yale ambayo hajauliza

Presha, kisukari, pumu, vidonda vya tumbo, dawa zote unazomeza. Mwenye kisukari azingatie zaidi: kabla ya dripu nyingi wanatoa deksamethasoni ya kuzuia kichefuchefu na mzio, hiyo inapandisha sukari, unaweza kukuta 18 mtu akadhani mashine imeharibika.

Halafu majani. Najua hili ni gumu. Ukishasema saratani tu simu inajaa: majani ya mstafeli, mlonge, unga wa mbegu sijui gani, mzee mmoja Bagamoyo ana chupa. Wanaotuma wanakupenda. Lakini ini lako ndo litakalochuja kemo na ile chupa kwa pamoja, na baadhi ya mitishamba inaongeza au inapunguza nguvu ya dawa kwenye damu. Kama umeshaanza kutumia mpelekee daktari hata na chupa yenyewe aione. Dada alificha, wakapima ini vipimo vikawa vimepanda, dripu ya tatu ikaahirishwa wiki mbili, na wiki mbili hizo zilituuma kuliko ambavyo kusema ukweli tangu mwanzo kungetuuma.

Maombi endelea, dua endelea. Sisi mchungaji alikuja kuomba asubuhi ya dripu, akamsindikiza. Kiongozi wa dini anayekwambia uache dripu ndo imani yako ionekane, huyo usimfuate, nasema hivi nikiwa mtu wa kanisani kabisa. Na kwa Waislamu, Ramadhani ikikuta katikati ya kemo ongea na daktari na sheikh wako, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye au kutoa fidia, na saiklofosfamidi inahitaji maji mengi mchana kutwa.

Chanjo nayo. Kama kuna safari mbele yako na mtu anakwambia uchome ya homa ya manjano, hiyo ni chanjo hai, usichome ukiwa kwenye kemo bila daktari wa saratani kuruhusu.

Hatua ya 5: Pesa, kazi na mahali pa kulala

Kama una bima, nenda dirisha la bima la hospitali na majina ya dawa yameandikwa, uliza moja moja ipi inalipwa ipi hailipwi na kibali kinachukua siku ngapi. Usikubali jibu la jumla la "inalipa". Huna bima au imegoma, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini, kazi yao ni kusikiliza wasio na uwezo, nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na nenda mapema kabla deni halijakua.

Kwa walioajiriwa: sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa mpaka siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Watu wengi hawajui hili wanaacha kazi wenyewe kwa barua. Usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa na hofu. Wengine wanaomba zile wiki mbili za kwanza tu za kila dripu, wiki ya tatu wanarudi kazini.

Kwa wanaotoka mikoani, sio lazima kila kitu kiwe Ocean Road. Taasisi ya Saratani Ocean Road iliundwa kisheria 1996 na ndo kubwa, lakini kemo inatolewa pia Bugando Mwanza na KCMC Moshi, na Muhimbili, kwa hiyo uliza kama unaweza kuendelezwa karibu na kwenu. Ukija Dar, tafuta ndugu ambaye nyumba yake haina watu kumi na mbili na choo kimoja. Najua ni vigumu kuchagua. Lakini zile siku za kalamu nyekundu ni zako, unahitaji kitanda kisicho cha kugawana na mtoto mwenye kikohozi.

Hatua ya 6: Meno na nywele

Jino bovu ling'olewe au lizibwe kabla, wiki mbili kabla kama muda upo, kwa sababu shimo la jino ni mlango wa vijidudu na kung'oa katikati ya kemo ni hatari. Nunua mswaki laini.

Nywele: kwa AC na paklitakseli karibu kila mtu zinatoka, kuanzia wiki ya pili au ya tatu baada ya dripu ya kwanza. Kichwa kinaanza kuwasha na kuuma kwenye ngozi, halafu asubuhi unakuta mto umejaa. Dada alikuwa na rasta za mgongoni. Tulimfumua Jumamosi, mimi na binti yake wa miaka 14, kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi, tukamnyoa na mashine ya kaka akiwa amekaa kwenye kigoda cha mbuzi uani. Binti ndo alimalizia kisogoni. Mimi nilidhani dada ataanguka, yeye akapapasa kichwa akasema "kumbe nina kovu hapa", kovu la kuanguka kwenye mwembe kwa bibi, hakuwahi kuliona miaka 40. Kwa hiyo ushauri wangu ni unyoe fupi mwenyewe kabla, kwa mkono wa mtu unayempenda, usisubiri zitoke bafuni ukiwa peke yako. Kilemba cha pamba laini kinatosha na kikofia cha kulalia. Nyusi na kope zinaweza kwenda pia. Kwa kawaida zinarudi kemo ikiisha, wakati mwingine zikiwa na mkunjo mwingine au rangi nyingine.

Waambie watoto kabla ya kunyoa. Sentensi chache tu: mama anaumwa, dawa itamtoa nywele, haiambukizi, hamjafanya kosa lolote.

Hatua ya 7: Jikoni na chooni

Chakula ni kile kile chetu, ila kiive. Mayai yaive kabisa, samaki na nyama ziive, maziwa yachemke, maji yachemke au ya chupa. Kachumbari, saladi za mgahawani na matunda yaliyokatwa barabarani yasubiri mpaka kemo iishe. Tunda lenye ganda ulioshe ulimenye mwenyewe: ndizi, chungwa, papai, embe. Protini usiikose, dagaa, maharage, samaki, kuku, kwa sababu mwili unajenga upya kila baada ya dripu. Juisi ya rosela na bitiruti ni nzuri kama kinywaji, mradi maji yamechemshwa, lakini damu ikishuka kwenye kipimo fuata dawa ya daktari, dumu la juisi haliwezi hiyo kazi.

Pika akiba. Mtori, supu, uji wa ulezi uliosagwa laini, gawa kwenye vibakuli uweke friza, maana siku ya 2 mpaka ya 4 hutataka hata kusikia harufu ya kitunguu kinakaangwa. Ladha ya chuma mdomoni inapozwa kidogo na ndimu au ukwaju. Kama mdomo una vidonda, achana na ndimu na pilipili, sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara nne kwa siku.

Choo: saa 48 za kwanza dawa inatoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Choo cha kuvuta maji, funga kifuniko uvute mara mbili. Cha shimo, mwagia maji mengi. Anayesafisha matapishi au kufua shuka zilizochafuka avae glavu, na mjamzito asifanye kazi hiyo. Sahani, vikombe, kukumbatiana na watoto, kulala kitanda kimoja, hayo hayana shida. Kuna mama tulikutana naye familia imemtengea kijiko chake na kikombe chake, anakula peke yake jikoni. Hiyo ni kumuumiza bure. Kwenye tendo la ndoa, zile siku za mwanzo kondomu hata kama mna kinga nyingine, basi.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Kunywa chai na ule chepesi, tumbo tupu linaongeza kichefuchefu. Vaa blauzi ya vifungo mbele na mikono mipana. Kwenye begi: khanga au kitenge kizito (chumba kina kiyoyozi na dripu yenyewe ni ya baridi), soksi, chupa ya maji ya lita moja na nusu, biskuti kavu, kipande cha tangawizi, mifuko miwili ya plastiki ya kutapikia, chaja, daftari, kadi ya bima, chenji. Jiandae kushinda huko. Damu, daktari, famasia kuchanganya dawa, kusubiri kiti, halafu ndo dripu.

Kama umeshafanyiwa upasuaji na kutolewa tezi za kwapani, kanula (kile kimrija cha dripu kinachochomwa mshipani) na kupima presha viwe mkono wa upande mwingine, sema kabla hujaulizwa.

Ile dawa nyekundu ndo doksorubisini. Inaingizwa taratibu na nesi anakaa hapo hapo. Ukisikia inachoma, inavuta, ngozi inavimba pale kwenye kanula, sema sekunde hiyo hiyo, usivumilie, ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Wanawake wetu tumefundwa kuvumilia, lakini kwenye kile kiti ukivumilia umejiumiza. Baadaye mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili, hiyo sio damu, ni rangi ya dawa. Kunywa maji na ukojoe mara kwa mara ili saiklofosfamidi isikae kwenye kibofu ikakikwangua. Siku ya paklitakseli mwanzoni kabisa, dakika za kwanza, ukiwashwa, ukibanwa kifua au uso ukipata joto, mwite nesi hapo hapo.

Usirudi na basi la mwendokasi peke yako eti kwa sababu ulikuja mzima. Kurudi uwe na mtu.

Hatua ya 9: Nyumbani, siku za mwanzo

Dawa za kichefuchefu meza kwa saa, hata kama hujisikii vibaya. Kichefuchefu kikishashika kukitoa ni kazi kuliko kukizuia. Ondansetroni, mojawapo ya hizo dawa za kichefuchefu, inafunga choo, kwa hiyo papai, maji na kutembea uani kidogo. Deksamethasoni inaweza kukunyima usingizi usiku, uliza kama unaweza kuimeza asubuhi. Maumivu, usinunue aspirini wala diklofenaki dukani, zinaweza kuleta damu kutoka wakati chembe za kugandisha damu ziko chini. Ukiandikiwa sindano za kuongeza chembe nyeupe ziweke kwenye friji, sio friza, na mifupa kuuma baada ya kuchomwa ni kawaida yake.

Na kila siku andika kwenye daftari mistari miwili: joto asubuhi na jioni, umekula nini, umetapika mara ngapi, vidole vina ganzi au la. La dada ninalo mpaka leo. Dripu ya pili, siku ya 9, ameandika kwa mwandiko mkubwa: "Asubuhi 36.6. Jioni 36.9. Nimekula ugali na changu. Nimelala."

Siku moja au mbili kabla ya dripu inayofuata utapima FBP tena. Ikiwa chini wataahirisha wiki moja na utaumia roho, lakini chembe zikipanda unaendelea pale pale ulipoishia. Nenda na lile daftari, mfungulie daktari ukurasa wa siku zile nyekundu aanzie hapo.